Mjadala: Kuanzia 1995 hadi 2020 Vunjo ilibadilisha chama katika kila uchaguzi. Mgombea binafsi, yaani asiye na chama, ataendelea kuzuiwa hadi lini?

Mtoa mada
Wakuu, tuiangalie Vunjo, jimbo la mkoani Kilimanjaro, bila ushabiki. 1995 walimpeleka bungeni James Mbatia wa NCCR-Mageuzi. 2000 wakamchukua Jesse Makundi wa TLP. 2005 Aloyce Kimaro wa CCM. 2010 Augustino Mrema, TLP. 2015 Mbatia tena. 2020 Charles Kimei, yule aliyekuwa bosi wa benki ya CRDB, kwa tiketi ya CCM. Katika chaguzi hizo sita, hakuna chama kilichofanikiwa kutetea kiti.

Wapo wanaosema Wachagga wa huko ni vigeugeu. Mimi naona wanajua wanachotaka: wanachagua mtu, na chama kinakuja nyuma yake. Mrema alitoka CCM 1995 akiwa na jina kubwa tangu Wizara ya Mambo ya Ndani, akagombea urais kupitia NCCR, na wimbi lake likambeba Mbatia akiwa bado kijana. 1999 Mrema akahamia TLP, mwaka uliofuata kiti nacho kikahamia TLP. Kuna anayeamini kwamba watu wa Kilema na Mwika huko Vunjo walikesha wakisoma ilani ya TLP? 2005 Mrema akaambulia chini ya asilimia moja ya kura za urais, na Vunjo ikarudi CCM. 2010 akaacha mbio za urais, akagombea jimbo mwenyewe, wakampa.

Sasa Katiba yetu, ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Ibara ya 71 inasema akikoma uanachama, ubunge umekwisha. Mchungaji Mtikila alilipinga sharti la chama mahakamani na Mahakama Kuu ikampa haki 1994. Bunge likabadilisha Katiba haraka kuzima hukumu ile. Akashinda tena 2006. 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge, si la majaji. 2013 Mahakama ya Afrika, iliyopo hapo hapo Arusha, ikasema Tanzania imekiuka haki. Mtikila alifariki 2015 kwa ajali ya gari, na sharti bado lipo.

Karibuni kwa hoja.

Njiapanda
Mkuu, historia umeipanga vizuri ila hitimisho umelilazimisha. 2015 Mbatia hakumshinda Mrema kwa sura. Alikuwa mgombea wa UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, CHADEMA wakamwachia jimbo. Hayo ni makubaliano ya vyama. Bila vyama wangekaa meza gani kuachiana?

Halafu tazama Uganda. Wanaoitwa wagombea binafsi kule wengi ni watu wa chama tawala, NRM, waliobwagwa kwenye kura za maoni. Ndicho tutakachopata: waliokatwa na vikao vya chama Dodoma wanarudi mlango wa nyuma wakiwa na fedha zao. Maskini mwenye akili atabaki pale pale.

Mama Kahe
Ninyi wanaume mnabishana tiketi. Sisi wa tambarare tunajua kitu kimoja: kila mbunge hukaa miaka mitano anaondoka. Anayeingia hataki hata kusikia alichoanza mwenzake, maana kikikamilika sifa zitaenda kwa chama kingine. Tuambieni huyo binafsi atakuwa na nani wa kumsaidia kusukuma bajeti.

Mtoa mada
Mama, hapo umegusa penyewe, shikamoo. Lakini huyo mbunge asiyemalizia kazi ya mwenzake anafanya hivyo kwa sababu ya rangi ya bendera. Binafsi hana bendera ya kulinda. Bajeti ni kweli atahangaika, sikatai, ila mbunge wa chama chenye viti viwili bungeni anahangaika vile vile na hakuna anayesema azuiwe.

Njiapanda, UKAWA nakupa. Ila suala la waliokatwa mimi halinitishi. Kama wanachama wa kata nzima wanamtaka mtu na vikao vya juu vimemkata, wananchi wakosee nini kumpigia kura? Na msiniambie ibara ya 71 inalinda nidhamu. Wale 19 wa viti maalumu walifukuzwa CHADEMA Novemba 2020 na wakaendelea kukaa bungeni. Sheria inambana asiye na chama kabla ya kuingia, ukishaingia inalegea.

Njiapanda
Hao 19 walikuwa na kesi mahakamani, usiruke hilo. Na hiyo si hoja ya mgombea binafsi, ni hoja ya kusimamia sheria iliyopo.

Nikukubalie jambo moja: rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba ilimruhusu mgombea huru, na hapo ndipo pa kuanzia. Ila kabla hujanihesabu upande wako, sema kwanza: awe na saini za wapiga kura wangapi, kutoka kata ngapi za jimbo? Kama saini zote zinaweza kukusanywa soko la Himo siku moja ya gulio, mimi sipo.