MJADALA: Wamarekani wa 1776 walipigania uhuru au walikuwa wanakimbia kodi?

Kijiwe Nongwa (mleta mada)
Wadau salaam. Kila ikifika tarehe 4 Julai naona status zimejaa fataki na bendera ya Marekani, mpaka mtu yuko Mbagala hata ndege ya Mwanza hajawahi kupanda anaandika hapi indipendensi. Sina neno. Swali langu ni moja, hawa watu wa makoloni 13 walipigania nini hasa? Sisi shuleni tulimezeshwa kwamba walichoka kuonewa na mfalme George wa Tatu. Nikisoma naona kitu kingine kabisa. Miaka na miaka wamekaa na Mwingereza raha mustarehe, kodi za maana hawalipi, magendo wanapitisha mchana kweupe. Vita na Mfaransa ikaisha 1763, Mwingereza akabaki na deni la kufa mtu, akasema jamani vita ile tuliwalinda na nyie, changieni basi. Ikaja kodi ya sukari 1764, ya stempu 1765, hapo ndo ghafla bin vuu uhuru uhuru. Na yule aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, Jefferson, maisha yake yote alimiliki watumwa zaidi ya 600. Mimi nasema ilikuwa hela. Na je jamii ilibadilika au wakubwa walibadilisha tu? Karibuni, matusi hapana.

Mtu wa Silver Spring
Mkuu Kijiwe mada nzuri ila umekurupuka. Haikuwa kiasi cha kodi, ilikuwa nani ana haki ya kuiweka. Wale watu walikuwa na mabaraza yao, Virginia wana la kwao, Massachusetts la kwao, wanajipangia kodi wenyewe toka enzi za mababu. Bungeni London hawana hata mbunge mmoja wa kuwasemea. Na kodi ya stempu ilifutwa 1766 baada ya watu kugoma, sasa kama ni hela tu si yangeisha hapo? Lakini siku hiyo hiyo bunge likapitisha sheria nyingine kwamba lina mamlaka ya kuwatungia sheria kwenye jambo lolote lile. Hapo ndo pameuma. Mimi naishi karibu na jiji la Washington, mpaka leo namba za magari ya pale zimeandikwa kulalamikia kutozwa kodi bila uwakilishi, maana wakazi wa jiji hawana mbunge mwenye kura. Watu wanaiishi hii kitu nyie mnaisoma.

Kiroboto
Tatizo mnasahau chai. Mwingereza alipandisha bei ya chai ikawa haishikiki ndo wakaimwaga baharini. Hata mimi ukinipandishia chai namwaga serikali 😂

Mwalimu Mstaafu
Kiroboto chai HAIKUPANDA, ilishuka. Sheria ya chai ya 1773 iliiruhusu Kampuni ya Mashariki ya India, ambayo ilikuwa hoi inataka kufilisika, ipeleke chai moja kwa moja Marekani, kwa hiyo ikawa rahisi kuliko hata ya magendo. Ushuru mdogo tu ndo ulibaki, peni tatu kwa ratili. Sasa jiulize nani anaumia chai halali ikiwa rahisi. Wafanyabiashara na wapitisha magendo wa Boston. Ndo usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 vijana wakajipaka masizi wakavaa kama Wamohawk, kabila la wenyeji wa kule, wakapanda meli tatu wakamwaga makasha 342.

Kiroboto
Sawa mwalimu, lakini sijaelewa kwanini wajivike uwenyeji. Ukitaka kufanya fujo vaa nguo zako, usimsingizie jirani.

Mtu wa Silver Spring
Mwalimu mbona hujamalizia? Baada ya chai London ikafunga bandari yote ya Boston mpaka chai ilipwe, ikanyang'anya Massachusetts mamlaka ya baraza lake, wanajeshi wakapewa ruhusa ya kulala kwenye majengo ya watu. Mkulima wa kijijini ambaye chai hakuimwaga na magendo hayajui naye anaadhibiwa. Wale waliosimama Lexington Aprili 1775, vita ilipoanza, hawakuwa matajiri wa Boston, walikuwa wakulima na bunduki zao za kuwindia.

Nyani Mzee
Mnabishana bure. George Washington ni Ian Smith, yule mlowezi aliyeitawala Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ila yeye kafanikiwa. Nimemaliza.

Mtu wa Silver Spring
Nyani Mzee hii ni dharau na ni uvivu wa kufikiri. Unamchukua mtu aliyeongoza vita miaka nane, akashinda, akakabidhi jeshi akarudi shambani kwake, halafu akaongoza vipindi viwili akaondoka kwa hiari, unamfananisha na kaburu aliyetaka watu weusi wasipige kura milele? Nyie watu wenye chuki na Marekani mko wengi sana humu na wote viza mmeomba.

Nyani Mzee
Viza sijaomba, hospitali tu naogopa foleni. Tarehe 11 Novemba 1965 Smith na mawaziri wake walipojitangazia uhuru Salisbury (Harare ya leo), ile karatasi waliyosaini waliitengeneza kwa kuigiza azimio la uhuru la Marekani la 1776, mwanzo wake ni ule ule. Ila mstari wa watu wote kuumbwa sawa wakauruka. Angalau Smith hakuwa mnafiki 😂. Na sababu ni zile zile, walowezi wanagombana na London kwa sababu London inataka kuwabana. Mnaongelea stempu mnaficha ardhi. 1763 mfalme alipiga marufuku walowezi kuvuka milima ya Appalachia kwenda magharibi, ile ardhi ibaki ya wenyeji. Washington 1767 akamwandikia mpima ardhi wake amtafutie viwanja vizuri huko huko palipokatazwa, na afanye kimyakimya. Huyo ndo baba wa taifa.

Wa Nakuru
Wueh, Nyani Mzee ameongea. Sisi huku Kenya tunaijua hii movie. Kuna mwaka wale masetla walipanga kumteka gavana, ati watwae serikali, kwa sababu London ilitaka kuwapea Wahindi kura. Miaka ya ishirini hivi.

Mwalimu Mstaafu
Ni 1923 nadhani unasema, hawakumteka, ilibaki mipango. London ikatoa waraka kwamba masilahi ya Mwafrika ndiyo ya kwanza Kenya, masetla wakanywea.

Kiroboto
Masilahi ya Mwafrika ya kwanza halafu miaka thelathini baadae mmefungiwa makambini. Wakenya bwana, na masetla wenu mpaka leo wana mashamba, mnawapigia saluti.

Wa Nakuru
@Kiroboto hapo umenikosea. Sisi tulimwaga damu msituni, nyinyi uhuru mliletewa kwa sinia na chapati. Mmekaa 1961 mmepewa karatasi mkapiga makofi.

Binti Tanga
Weeee. Maji Maji ilikuwa ya nani? 1905 mpaka 1907 kusini kote kumeungua, Mjerumani amechoma mashamba mpaka njaa imeua watu kuliko risasi, wewe unaniletea sinia na chapati? Kaka soma kwanza.

Wa Nakuru
Hiyo ilikuwa Mjerumani, mimi naongelea Mwingereza.

Kiroboto
Risasi ya Mjerumani haiui? 😂😂 Hii ndo elimu ya 8-4-4.

Kijiwe Nongwa
Jamani turudi Boston. Nimesema matusi hapana.

Wa Nakuru
Sijatukana mtu. Nimesema sinia.

Binti Tanga
Haya turudi, na mimi nina langu. Mnaume wote humu mnaongelea walowezi na mfalme kana kwamba nchi ile ilikuwa na watu wa aina mbili tu. Katika kila watu watano pale mmoja alikuwa mweusi, karibu wote watumwa. Wao walipigania nini? Novemba 1775 gavana wa Mwingereza huko Virginia, Dunmore, akatangaza mtumwa wa muasi yeyote akikimbilia jeshi la mfalme yuko huru. Wakakimbia kwa maelfu. Mmojawapo anaitwa Harry Washington, na jina mnajua kalitoa wapi. Alizaliwa upande wa Gambia, akanunuliwa, akawa anatunza farasi wa huyo huyo baba wa taifa pale shambani kwake Mount Vernon. 1776 akatoroka kwenda kwa Waingereza. Vita ilipoisha akapanda meli New York kwenda Nova Scotia, baridi na umaskini, 1792 akaenda na wenzie kuanzisha Freetown. Sasa sikilizeni utamu, 1800 kampuni iliyokuwa inatawala Sierra Leone ikawadai kodi ya ardhi waliyoahidiwa bure, Harry akaingia kwenye uasi! Wakamhukumu akafukuzwa ng'ambo ya mto. Mtumwa wa Washington kaasi kwa ajili ya kodi. Huyo mbona hana fataki?

Kiroboto
Dada Binti Tanga, "mnaume wote" ni lugha gani hiyo.

Binti Tanga
Ni lugha ya simu yenye kioo kilichopasuka. Jibu hoja.

Mtu wa Silver Spring
Dunmore mwenyewe alikuwa na watumwa na hakuwaachia, usimfanye malaika. Na tangazo lilihusu watumwa wa waasi tu, mtumwa wa mtu anayempenda mfalme alirudishwa kwa bwana wake. Ilikuwa mbinu ya vita. Upande wa Washington nao walipigana weusi kama 5,000.

Binti Tanga
Nani kasema malaika? Mtu mlango ukiwa wazi haulizi nani kaufungua.

Mwalimu Mstaafu
Swali la pili la mleta mada, jamii ilibadilika au la, limepita bila kuguswa. Ilibadilika, ila si pale walipokusudia wakubwa. Tatizo la kuandika maneno makubwa ni kwamba mtu wa jikoni anayasikia. Sheffield, Massachusetts, kulikuwa na kanali anaitwa Ashley, nyumbani kwake ndo wazee wa mji walikaa 1773 kuandika azimio lao kwamba binadamu wako sawa na huru. Mle ndani alikuwepo mtumwa wanamwita Mum Bett. Siku moja mama mwenye nyumba alichukua koleo la moto la jikoni akataka kumpiga binti mwingine, Bett akaweka mkono, akapata jeraha baya. Ule mkono alikuwa anauacha wazi makusudi, wageni wakimuuliza umepatwa na nini anawaambia muulizeni mama. Katiba ya jimbo ilipotoka 1780 ikisema watu wote wamezaliwa huru na sawa, akamfuata wakili Sedgwick, akauliza na mimi simo? Wakaenda mahakamani 1781, baraza la wazee wa mahakama likampa uhuru na fidia ya shilingi 30. Akajiita Elizabeth Freeman. Miaka miwili baadae kesi nyingine ikaumaliza utumwa Massachusetts.

Kiroboto
Ashley alikata rufaa?

Mwalimu Mstaafu
Alikata, akaiacha mwenyewe. Akamuomba Bett arudi afanye kazi kwa mshahara, akakataa, akaenda kufanya kwa yule wakili.

Nyani Mzee
Kesi moja. Mwalimu unatupa kesi moja nzuri unaficha hesabu. Sensa ya kwanza 1790 watumwa karibu laki saba, 1860 karibu milioni nne. Katiba ya 1787 mtumwa akahesabiwa tatu ya tano ya mtu ili mabwana wapate wabunge wengi, kura zenyewe hapigi. Sheria ya uraia ya 1790 ikasema anayeruhusiwa kuomba ni mzungu huru. Na hao hao Massachusetts walioacha utumwa walikuwa wanafuma pamba ya watumwa wa kusini, meli za Salem zinaleta ile merikani mpaka Unguja, zinarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba na Sayyid Said umesainiwa 1833, bibi yangu kazikwa na merikani hiyo.

Mwalimu Mstaafu
Sijaficha kitu. Pennsylvania 1780, New York 1799, kaskazini yote ikaanza kuufuta polepole, wakati vita ile inaanza utumwa ulikuwa halali kwenye makoloni yote 13. Na si utumwa peke yake. Kule Virginia 1786 serikali ikaacha kumlazimisha mtu dini. New Jersey wanawake wenye mali walipiga kura mpaka 1807 walipopokonywa.

Binti Tanga
Walipokonywa! Mwalimu ameipitisha hapo haraka kama bodaboda kwenye taa nyekundu.

Kiroboto
Mimi nina swali kwa Mtu wa Silver Spring. Kaka wewe una grini kadi, kodi unalipa, kura hupigi. Mbona hujaenda kumwaga chai bandarini?

Mtu wa Silver Spring
Mambo yangu ya makaratasi hayakuhusu. Na mimi nimekuja kwa hiari yangu, nikichoka naondoka, yule mkulima wa Lexington aende wapi, pale ndo kwao.

Nyani Mzee
"Pale ndo kwao" 😂 Ian Smith alisema hivyo hivyo.

Mtu wa Silver Spring
Nilikuwa nakusubiri. Rhodesia 1965 wazungu walikuwa kama laki mbili na ushee kati ya watu zaidi ya milioni nne. Kikundi kidogo kimekalia wengi. Makoloni 13 yalikuwa na watu milioni mbili na nusu na wengi wao ni hao hao walowezi. Kwa hiyo waliposema wananchi, kwa sehemu kubwa walikuwa wananchi kweli. Jibu hilo bila kucheka.

Nyani Mzee
Sichekei. Walikuwa wengi kwa sababu wenye nchi walimalizwa kwa ndui na bunduki, waliobaki wakasukumwa nyuma. 1779, katikati ya hiyo hiyo vita ya uhuru, Washington alimtuma Jenerali Sullivan kwenye nchi ya Wairokwoi, wenyeji wa kule, na amri ya maandishi kwamba makazi yao yateketezwe. Vijiji zaidi ya 40 vikachomwa, mahindi yakachomwa yakiwa shambani, miti ya matunda ikakatwa, majira ya baridi yanakuja. 1790 chifu wa Waseneka, kabila mojawapo la hao Wairokwoi, anaitwa Cornplanter akamwambia Washington kwamba sisi tunakuita Mbomoa Miji, na mpaka leo jina hilo likitajwa wanawake zetu wanageuka kuangalia nyuma na watoto wanang'ang'ania shingo za mama zao. Sasa niambie wewe unayejua kuhesabu, hao kwenye ile milioni mbili na nusu yako uliwaweka wapi.

Mtu wa Silver Spring
Naingia shifti. Nakujibu kesho, usifute.

Wa Nakuru
Na mimi bado nasubiri mtu anieleze 1961 mlipigana na nani.