Jamani, mbona ndege zinaisha?

*Ukoo Wetu, Jumamosi*

Baba Zawadi, 16:08
Kaka Hamisi shikamoo. Ile gemu ya ndege za angani uliyomwambia Zawadi inaitwaje? Tangu asubuhi naulizwa hilo tu

Hamisi, 16:10
Marahaba. Inaitwa Chromium B.S.U. Mambo ya mwaka 2000 hayo. Ndege yako iko chini ya skrini, maadui wanashuka kutoka juu, wewe unafyatua. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi, anayetaka kuufungua na kuuchokonoa ruksa. Na kwa kuwa kompyuta yako inatumia mfumo wa Debian, huna haja ya kuzurura kwenye tovuti za watu, iko humo humo kwenye hazina yake ya programu

Faraji, 16:11
2000 mimi nilikuwa sijazaliwa

Rukia, 16:11
Na hadi leo hujakua

Baba Zawadi, 16:21
Nimeandika sudo apt install chromium. Imenijibu kwamba simo kwenye faili la sudoers halafu ETI TUKIO HILI LITARIPOTIWA. Litaripotiwa wapi??

Faraji, 16:21
Mjomba kimbia

Mama Zawadi, 16:22
Shemeji Hamisi, mume wangu umemwingiza kwenye nini?

Hamisi, 16:24
Tulia shemeji 😂 Linaripotiwa kwa msimamizi wa kompyuta. Na msimamizi wa hiyo kompyuta ni yeye mwenyewe

Baba Zawadi, 16:24
Kwa hiyo nimejishtaki kwangu

Hamisi, 16:27
Ndiyo, jisamehe tuendelee. Siku unaweka Debian uliipa root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu, nywila yake, basi ikaona mtumiaji wa kawaida hahitaji sudo, ile amri ya kuazima mamlaka ya root. Andika su kisha nafasi kisha kistari, hivi: su -
Weka nywila ya root, halafu ndipo uandike apt install. Nywila haitaonekana unapoiandika, hata nyota hazitatokea, usidhani kibodi imekufa

Salma, 16:28
Mimi nilidhani imekufa. Nikaiandika mara nne mfululizo, ikawa nywila moja ndefu

Baba Zawadi, 16:49
Imekubali. Imeshusha mzigo mzito kweli, nikajua ndiyo gemu yenyewe. Nimefungua, ni kivinjari cha intaneti

Faraji, 16:49
💀💀

Hamisi, 16:50
Uliandika chromium peke yake?

Baba Zawadi, 16:50
Si ndivyo ulivyosema

Hamisi, 16:53
Nilisema Chromium B.S.U. Kifurushi kinaitwa chromium-bsu, na kistari chake. Ila kosa si lako peke yako. Zamani kwenye Debian jina chromium lilikuwa la gemu. Ikakaa nalo raha mustarehe, 2008 Google wakaja na mradi wa kivinjari kwa jina hilo hilo. Mwisho wa yote gemu ikaongezewa mkia, kivinjari kikabaki na jina

Rukia, 16:54
Mgeni kamtoa mwenye nyumba

Baba Zawadi, 17:02
Sasa imeingia, safari hii megabaiti chache tu. Lakini nikiandika chromium-bsu naambiwa amri haipo. Kaka mimi naacha

Hamisi, 17:03
Usiache. Mwanzo wa mstari kuna alama gani, # au $?

Baba Zawadi, 17:03
#

Hamisi, 17:05
Basi bado umevaa joho la root. Debian huweka magemu kwenye /usr/games, na root akitafuta amri hapiti huko. Andika exit, urudi kuwa mtu wa kawaida, kisha jaribu tena

Faraji, 17:05
Yaani bosi haruhusiwi hata kucheza. Cheo gani hicho

Hamisi, 17:06
Akiandika njia nzima atacheza. Lakini usifanye hivyo. Gemu haina kazi yoyote ya kufanya na mamlaka ya root

Baba Zawadi, 17:09
IMEFUNGUKAAA

Mama Zawadi, 17:09
Tumesikia huku jikoni

Baba Zawadi, 17:14
Ndege inakimbia kama imemwagiwa upupu. Nikigusa mausi kidogo iko ukingoni

Hamisi, 17:16
Kwenye menyu kuna kasi ya mausi, ipunguze. Na ukiona picha zinakwamakwama, punguza ubora wake hapo hapo kwenye menyu. Inachora kwa OpenGL, njia ya kuchora inayotegemea kadi ya picha, kwa hiyo kadi ya picha isipopata draiva yake, kichakataji ndicho kinabebeshwa kila kitu, na hiyo mashine yako si ya jana

Baba Zawadi, 17:17
Usiiseme vibaya

Faraji, 17:31
Mjomba Hamisi, hakuna nyingine yenye duka la silaha ndani? Mimi nataka kununua makombora

Hamisi, 17:35
OpenTyrian. Asili yake ni Tyrian, gemu ya 1995 ya DOS, ule mfumo wa zamani wa kompyuta. Iliandikwa kwa lugha ya Pascal, wapenzi wake wakaja kuiandika upya kwa lugha ya C. Duka lipo, unabadilisha bunduki, ngao, injini. Ila programu peke yake haitoshi, utahitaji na mafaili ya Tyrian 2.1, ndiyo yenye picha na sauti. Wenyewe waliyaachia bure 2004. Ukija hapa nitakuonyesha, si leo

Baba Zawadi, 18:30
Swali zito. Ndege zangu zinaisha bila kupigwa. Nimekaa pembeni kabisa, risasi hainifikii, ngao imejaa, mara naona ndege imepungua. Ikapungua tena. Mchezo umekwisha. Hii gemu yenu ni mbovu

Baba Zawadi, 18:31
Na Zawadi ndiyo balaa. Yeye anaziparamia ndege za adui makusudi, paa, paa, paa. Nimemwambia huo si mchezo ni ajali. Nimemnyang'anya mausi nimfundishe

Salma, 18:32
Ba'mdogo umfundishe nini, na wewe ndiye unayekufa umekaa

Mama Zawadi, 18:33
Mtoto kanuna huyu. Anasema alipata alama nyingi kuliko baba yake

Baba Zawadi, 18:33
Bahati tu

Hamisi, 18:41
Nilikuwa naendesha gari. Idi, ulisoma maelezo ya mchezo?

Baba Zawadi, 18:41
Nani anasoma maelezo ya gemu

Hamisi, 18:46
Haya nisikilize. Wewe humo si rubani. Wewe ni nahodha wa meli ya mizigo, hiyo ndiyo Chromium yenyewe, unapeleka vifaa kwa askari walioko mstari wa mbele. Hizo ndege ndogo ni roboti zako, zinatangulia kukusafishia njia. Adui yeyote akipita akafika chini ya skrini, umelipa ndege moja. Hata kama hakukugusa

Hamisi, 18:46
Ulipokuwa umejificha pembeni walikuwa wanapita katikati

Salma, 18:47
Kama mlinzi aliyejificha asiumizwe na wezi 😭

Faraji, 18:47
Ngao imejaa lakini 😭😭

Baba Zawadi, 18:49
Sasa nitajuaje? Gemu zote unakwepa

Hamisi, 18:55
Si zote. Chukua hata Space Invaders, gemu aliyoitunga Mjapani Nishikado 1978, ambayo ndiyo shina la haya yote. Mle wale wadudu wakifika chini, mchezo umekwisha papo hapo, hata kama ulikuwa na mizinga mingine akibani. Kulinda ardhi ndiyo kazi, kukwepa ni nyongeza. (Na mnajua kwa nini wadudu wale wanazidi kasi kadiri wanavyopungua? Kichakataji kilikuwa dhaifu, wakiwa wengi kinahema. Ukiwaua, kinabaki na wachache wa kuchora, wanakwenda mbio. Mwenyewe akaona inanoga, akaiacha vivyo hivyo)

Rukia, 18:56
Hamisi ukianza

Hamisi, 18:57
Nimemaliza dada. Narudi kwa Zawadi

Hamisi, 19:01
Kumparamia adui ni mbinu halali. Maelezo yenyewe yanasema tumia ndege zako kama silaha. Adui akitaka kukupita na risasi haimuwahi, unamgonga. Na iko faida ya pili. Chromium ikirusha ndege mpya, inatoka na mlipuko wa nguvu unaosafisha maadui wote walio karibu. Kwa hiyo ukifa pale walipojazana, ndege inayofuata inakuja na ufagio. Zawadi ameyagundua hayo bila kusoma

Mama Zawadi, 19:02
NIMEMSOMEA KWA SAUTI

Mama Zawadi, 19:02
Baba yake anaangalia ukutani

Salma, 19:03
Ngoja, na risasi za zile silaha ulizookota je? Si zinapotea zote ukifa?

Hamisi, 19:08
Hapo ndipo patamu. Ukiona ndege iko taabani na bado ina silaha nzuri, bofya kitufe cha kulia mara mbili haraka. Inajilipua yenyewe, lakini kabla ya kulipuka inazitema zile silaha, ndege mpya inakuja kuziokota. Ukisubiri uuawe, zimekwenda na maji. Sasa akili yote ni kujua lini. Ukijilipua mapema umepoteza ndege nzima bure, ukichelewa adui kashakumaliza na hujarithisha kitu. Mimi mpaka leo nachelewa. Ninaona mistari ya hali ya ndege imekaribia kwisha, najiambia bado kidogo, bado kidogo

Rukia, 19:09
Umekuwa hivyo tangu utotoni. Kandambili ulikuwa unazivaa mpaka unakanyaga chini

Faraji, 19:10
Mama 😂😂😂

Baba Zawadi, 19:12
Laptopu yangu haina mausi ya pembeni sasa hivi, Zawadi kaikumbatia. Kwenye padi nabofyaje kulia?

Hamisi, 19:13
Gusa kwa vidole viwili kwa pamoja, mara mbili haraka. Isipokubali washa kugusa-kubofya kwenye mipangilio ya padi

Baba Zawadi, 19:40
Nimejaribu. Kidole kinagoma

Hamisi, 19:40
Padi inagoma?

Baba Zawadi, 19:41
Kidole. Padi ni nzima. Nashindwa kuilipua ndege ambayo bado inaruka

Salma, 19:42
Ba'mdogo ni roboti hiyo, haina mke wala mtoto

Baba Zawadi, 19:43
Najua. Lakini nimeipata kwa jasho

Mama Zawadi, 19:58
Kwa taarifa ya kikundi, ameomba radhi. Zawadi amesema atasamehe kwa sharti la mausi kubaki kwake mpaka muda wa kulala, na baba akae nyuma yake akimtajia tu adui anayetaka kupita

Hamisi, 19:59
Sharti zuri. Macho mawili hayatoshi mle kwenye hatua za mbele

Rukia, 20:00
Na mwisho ni saa tatu kamili. Ba Zawadi pia

Baba Zawadi, 20:26
hapa ni zawadi natumia simu ya baba. tumefika kwa adui mkubwa. baba alisema kushoto kumbe ni kulia tukapoteza ndege moja

Hamisi, 20:27
Hongera mwanangu! Mmebakiza ngapi?

Baba Zawadi, 20:27
mbili. baba anasema nisijilipue

Salma, 20:27
Jilipue

Faraji, 20:27
Jilipue

Rukia, 20:28
Jilipue mama

Baba Zawadi, 20:31
Nani kachukua simu yangu