Naomba ushauri: zawadi darasani zimeanza kunigeukia

Habari zenu wadau, mimi nafundisha darasa la pili, muhula huu nikaanzisha mambo ya stika, mtoto akimaliza kazi anapata moja, akifikisha 10 anachagua penseli au kifutio. Wiki mbili za mwanzo aisee darasa lilichangamka, hadi wale wakimya walikuwa wananyoosha mikono. Sasa hivi nikitoa swali tu nasikia "mwalimu, kuna stika?" nikisema hapana wengine wanaweka penseli chini. Halafu ni walewale watano ndo wanabeba kila kitu, kuna binti anajitahidi kweli ila ana stika 2 tu, juzi nimemwona anaficha kadi yake chini ya daftari, iliniuma.

Nilishasoma utafiti wa 1973 wa Mark Lepper na wenzake, watoto waliopenda kuchora wakaahidiwa cheti, baadaye hamu yao ya kuchora ikapungua, nikasema ndo mimi huyu. Sasa niache ghafla au nipunguze kidogo kidogo? Au nihamie zawadi ya darasa zima, ila hapo naogopa mmoja akiharibu wenzake watamsakama. Mliopitia hili mlifanyaje?