Dola 6.000 mu divai ya Ufaransa nikiwa Lubumbashi: iko mwenye kujua ile biashara?

Mwana_Kampemba

Jambo bandugu, bamama na bakubwa wote. Niko hapa Lubumbashi, nilimaliza kontra yangu na kampuni moja ya kazi za mugodi upande wa Fungurume na nilibakia na dola 6.000 zenye sitaki ziishie mu nyumba kidogo kidogo, leo matanga, kesho ndoa ya binamu. Parsela sitaki hata kusikia, familia yetu iko mu tribunali miaka na miaka juu ya lupangu moja tu.

Sasa rafiki wa yaya wangu alinitia mu grupe ya WhatsApp ya bantu benye kuuzisha divai za bei kali, za Bordeaux na Bourgogne kule Ufaransa, haina ya kunywa, ni ya kulalisha miaka tano ao kumi halafu unaiuzisha bei ikisha kupanda. Banasema asilimia 12 kila mwaka, garanti, divai inabakia mu depo kule Uingereza, mimi napewa karatasi.

Pembeni ya ile iko komisioneri (dalali) mumoja wa hapa mujini, anasema iko na kesi ya Château Mouton Rothschild 1982, chupa 12 na sanduku yake ya mbao, ilibakia mu nyumba ya Mubelgiji mumoja kule kartiye ya Golf mwenye alitumikaka hapa wakati wa Zaire. Anaomba dola 4.500. Nilienda kuiangalia. Etikete iko na picha ya kondoo dume anaruka, imechafuka kidogo, chupa zingine divai inafika mu shingo lakini kama ine hivi imeshuka mpaka kwenye bega ya chupa, na juu ya mbili mule pembeni ya ile kofia ya chuma kuna kitu kama sukari inanata mu vidole. Sanduku ilikuwa mu kabati juu ya kuzini. Niambieni ukweli, niweke feza wapi, ao niache yote?

Mzee_Makomeno

Mwanangu, mimi divai ya Wazungu siijui, lakini ile neno garanti ninaijua. Mwaka 1991 Kinshasa kulikuwa Bindo Promotion, mupango wa kuahidi feza itazaa, bantu waliuzisha magari, waliuzisha frigo, wakapeleka feza kule juu walikuwa wanaona wa kwanza wanalipwa kweli, na wakati yote ilianguka hakuna mwenye alirudishiwa kitu. Wa kwanza wanalipwa na feza ya wa nyuma, ni vile tu. Mutu mwenye kukuambia bei ya kitu itapanda 12 kila mwaka bila kukosa, muulize ile 12 inatoka kwa nani. Kama hajibu, ni weye.

Ndugu_wa_Bruxelles

Mudogo wangu, mimi nilitumika mu depo ya muuzishaji wa divai huku Bruxelles, kwa hiyo nitakuandikia kirefu kidogo, vumilia.

Kwanza ujue ile biashara iko ya kweli. Kule Bordeaux tangu 1855 kuna daraja zenye château (mashamba yenye kutengeneza divai) ziliwekwa, na ile ya kwanza kabisa iko na château tano tu: Lafite, Latour, Margaux, Haut-Brion, na Mouton yenye iliingizwa 1973. Kila mwaka wanatoa kiasi yao basi, hawawezi kurudi nyuma watengeneze 1982 ingine, na kila mara mutu anafungua chupa zinabakia kidogo, kwa hiyo kama mwaka ule ulikuwa muzuri bei inaweza kupanda. Kule Bourgogne ni kali zaidi juu mashamba iko madogo sana, 2018 chupa moja ya Romanée-Conti ya 1945 iliuzishwa kwa mnada wa Sotheby's New York dola 558.000, ile mwaka walitoa chupa kama 600 tu. Bei za kila siku zinaangaliwa kwa Liv-ex, soko ya wauzishaji yenye ilianza London mwaka 2000. Kwa hiyo haina hadithi.

Lakini kitu yenye unanunua haina divai peke yake, unanunua na maisha yenye ile chupa iliishi. Divai ya kulalisha inataka baridi ya digri 12 mpaka 14, isipande isishuke, giza, unyevu kama asilimia 70 ili kizibo kisikauke, na chupa ilale. Sasa fikiri kabati juu ya kuzini Lubumbashi, mwezi wa kumi, umeme unakatika, miaka makumi. Joto inafanya divai ivimbe, inasukuma kizibo, inatoka kidogo, halafu hewa inaingia. Ile sukari yenye ulishika na vidole ni divai yenye ilitoka. Zile ine zenye zimeshuka kwenye bega, kule kwetu tulikuwa tunaziweka pembeni bila hata kuzungumuza mingi. Kondoo dume ni sawa, etikete ya Mouton 1982 ilichorwa na John Huston, ule mutengenezaji wa filme Mumarekani, kwa hiyo inawezekana ni ya kweli. Haitoshi. Ukiipeleka London watakuomba fakture ya kwanza, nani alinunua, wapi, ililala wapi. Huna, hawachukui, ao wanakupa bei ya kukufukuza. Na angalia bei yenyewe: kesi ya Mouton 1982 yenye ilitunzwa muzuri inazungukia dola elfu kumi kule. Komisioneri wa Lubumbashi hashindwi kutafuta bei kwenye simu yake, kama anakuachia kwa 4.500 ni kwamba ameshaijaribu kwa wengine.

Usione ni maneno ya kukuogopesha. Kule Marekani kulikuwa kijana mumoja, Rudy Kurniawan, alikuwa anachanganya divai mu nyumba yake California na kubandika etikete za zamani, akauzishia matajiri kabisa. Mwaka 2008 wakaleta kwa mnada New York chupa za Clos Saint-Denis, divai ya Bourgogne, za shamba ya Domaine Ponsot, zingine za 1945, na mwenye shamba Laurent Ponsot mwenyewe akapanda ndege kwenda kuzuia, juu familia yake walianza kutengeneza ile Clos Saint-Denis miaka ya 1980. Kurniawan akakamatwa 2012, akapewa miaka kumi 2014. Wale walionunua walikuwa na wataalamu pembeni yao.

Sasa grupe yako ya WhatsApp. Uliza kitu moja mbele ya zingine: kesi yangu itaandikwa kwa jina yangu mu depo, ao kwa jina ya kampuni yenu? Mu Uingereza kuna depo zenye ziko chini ya duane, ushuru na TVA hazilipwi mpaka divai itoke, kama Octavian kule Corsham, iko chini ya udongo mu machimbo ya zamani ya mawe, ao London City Bond. Kama konti iko kwa jina ya muuzishaji na yeye akianguka, utapanga foleni na wenye madeni wengine. Ni kama ile lupangu yenu, bantu wawili wako na karatasi ya udongo moja.

Na hesabu, fanya mwenyewe na kalamu. Kesi unanunua 5.000. Miaka tano inapita, bei imepanda, inauzishwa 6.000, unafurahi. Mwenye kukuuzishia anachukua asilimia 10, ni 600. Depo na asiransi tuseme 25 kwa mwaka, 125. Unabakia na 5.275. Faida ya dola 275 kwa miaka tano, na hapo bei ilipanda muzuri, na sijahesabu gharama za benki za kutuma feza na kuzirudisha Lubumbashi. Divai hailipi kitu kila mwezi kama nyumba ya kupangisha, mpaka siku ya kuuzisha hupati hata franga moja.

Yaya_wa_Nguba

Niko Bukavu, nasoma tu lakini nitaongezea juu ndugu wa Bruxelles hakusema bei inashuka pia. Watu wa zile grupe wanaonyesha grafiki yenye inapanda mpaka 2022 halafu wanakata hapo. Tangu mwisho wa 2022 soko ya divai kali ilishuka, 2023 ilishuka, 2024 ilishuka tena. Sababu si ngumu kuelewa: riba ilipanda Marekani na Ulaya, mtu anaacha dola yake benki bila wasiwasi na inazaa, kwa nini aiweke kwenye chupa? Na Wachina walipunguza kununua. Wachina ndio walipandishaga ile bei mwanzo, mnamo 2010 Lafite walitangaza kuweka alama ya Kichina ya namba 8 kwenye chupa za mwaka 2008, namba ya baraka kwao, na bei ikaruka palepale. Kutoka 2011 Bordeaux ikaanguka, na wenye walinunua juu walikaa miaka mingi wakingoja.

Na kuna ile kununua mapema, kule wanaita en primeur, unalipa divai ingali kwenye pipa na unaipata kama miaka miwili baadaye. Zamani ulikuwa unapata bei nzuri kwa sababu unangoja. Lafite ya 2023 ilipotoka wakakata bei karibu theluthi moja kuliko ya 2022, sasa mwenye alilipia 2022 alifanyaje? Alikuwa na divai haijamfikia na tayari ya mwaka unaofuata ni rahisi kuliko yake.

Kitu ya mwisho, kule Uingereza ofisi ya serikali yenye inasimamia mambo ya fedha, FCA, haisimamii biashara ya divai. Ukiibiwa hakuna mfuko wa kukurudishia. Mwaka 2022 waendesha mashtaka wa Brooklyn, kule Marekani, walifungua kesi mahakamani juu ya kampuni ya Bordeaux Cellars, dola milioni 99, watu waliambiwa wanakopesha matajiri wenye divai na divai yenyewe ndiyo dhamana, na ile divai kwa sehemu kubwa haikuwepo. Ilikuwa na faida iliyoahidiwa kila mara, sawa na hiyo 12 yako.

Sisemi divai ni mbaya. Mtu mwenye ana nyumba, ana akiba ya ugonjwa, ana masomo ya watoto yamelipwa, na dola elfu tano zake anaweza kuzisahau miaka kumi, anunue kesi moja nzuri na alale. Wewe kontra imeisha, hujatuambia kama una ingine.

Mama_Feza_Depo

Mwanangu, mimi ninauzisha vinywaji, na divai ya Afrika ya Kusini ninaijua kwa kuitumikia. Inapita mpaka wa Kasumbalesa, na kama kamyo ilingoja kule foleni siku mingi mu jua, mimi ninafungua karto ya kwanza pale pale mbele ya shofere, ninaangalia vizibo kama vimeinuka. Vikiinuka ninarudisha. Kwa hiyo vile ndugu wa Bruxelles anasema juu ya joto ni kweli kabisa, na ile ni divai ya siku chache mu njia, haina ya miaka makumi mu kabati.

Feza yangu ikilala miezi mbili ninaanza kuisikia mu mwili. Karto za divai nyekundu za kawaida, restora zinachukua, ndoa za mwezi wa saba na wa nane zinachukua, faida ni ndogo kwa chupa lakini feza inarudi na ninaituma tena. Sikuambii ufungue depo, kazi iko mingi na kuna wakopaji benye hawalipi. Ninakuambia tu, mbele ya kununua kitu chenye kinalala, jua nani atakichukua kwako siku mutoto wako atakuwa hospitali. Ule Mouton, mu Lubumbashi nzima utamuuzishia nani kesho asubuhi?

Mwana_Kampemba

Asanteni sana bote, mama Feza hapo ulinigusa. Ya Mouton nimeacha, nilimuambia komisioneri ukweli juu ya zile zenye kunata na yeye mwenyewe akashusha mpaka 2.000 bila mimi kuomba.

Kwa grupe nilituma swali ya ndugu wa Bruxelles. Mujibu: "depo zinafanya kazi na makampuni tu, mutu binafsi hawezi kuwa na konti, lakini usiogope sisi tutakupa sertifika yenye numero." Sertifika ya mufano walinitumia, iko na muhuri na picha ya kesi. Kontra sina, ni vile, ninangoja jibu kwa kampuni ingine. Lakini bado roho inaniuma kidogo juu wale ba kwanza mu grupe wanaonyesha kweli walilipwa.

Mzee_Makomeno

Soma tena vile niliandika.

Ndugu_wa_Bruxelles

Ile jibu haina ukweli mudogo wangu. London City Bond iko na sehemu yake ya bantu binafsi, na Octavian pia inatunza divai ya bantu binafsi, ni kazi yao. Kwa hiyo ama yule hajui biashara yenye anakuuzishia, ama anajua na hataki ufike kule.

Muombe kitu mbili: jina ya depo, na numero ya kesi vile depo yenyewe inaiandika, haina numero ya sertifika yake. Halafu weye mwenyewe tafuta adresi ya depo kwenye tovuti yao, usitumie imeili ao simu yenye yeye atakupa, uwaandikie kwa Kiingereza ao Kifaransa uwaulize kama ile kesi iko kwao na kama mutu binafsi wa Congo anaweza kufungua konti. Hawatakuambia siri za kliyanti mwingine lakini watakuambia kama ile kampuni wanaijua na kama inawezekana kuhamisha kesi kwa jina yako. Hailipiwi. Mpaka wajibu, zile 6.000 zisitoke, hata "asilimia kumi ya kubloka nafasi" yenye watakuomba wiki hii, juu watakuomba.