Kifua cha mama kinabana lakini mishipa iko safi

Bandugu, mama yangu wa miaka 56 akipanda mulima ya Kadutu, hapa Bukavu, na kitunga ya samaki ya sambaza, kifua kinamubana mpaka anaegemea ukuta. Kigali walipitisha kawaya kwenye mkono, wakapiga picha, mishipa ya moyo iko safi, sasa watu wanasema ni mawazo tu. Damu: HDL 34, CRP (kipimo ya uvimbe mwilini) 6. Njo nini?

— Pole yaya. Si mawazo, ile picha inaonyesha mishipa mikubwa tu, ile midogo haionekani na njo inaweza kukazana, sana kwa wamama wenye waliisha kuacha kuona mwezi. HDL, ile mafuta mazuri, inatulizaka uvimbe ndani ya mishipa, na kwa mwanamke HDL ikiwa chini ya 50 ni kidogo.

— CRP hata jino bovu inaipandisha, wapime tena.

— Jino! Iko na moja imeoza tangu Pasaka.