Mzee jirani ananiamini kuliko ninavyostahili, nifanyeje wakuu?

Mpangaji wa Temeke: Wakuu, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri, usiku silali.

Chumba cha pili hapa nilipopanga yupo mzee mstaafu wa reli ya TAZARA. Mkali huyo! Ukimwaga maji karibu na mlango wake utasemwa mpaka ukome. Mpira wa watoto ukiingia kwake hautoki. Salamu anaitikia kwa kuguna. Basi mimi miezi minane sasa kila jioni nacheza naye bao. Mwanzoni alikuwa ananifokea, "Cheza, acha kuhesabu kama karani!" Siku hizi ananiwekea kahawa na kashata. Jumapili kanishika bega, akasema: "Wewe peke yako ndiye unayekuja hapa bila kutumwa na mtu."

Tangu hapo sina raha. Nipunguze kwenda, au nihame kabisa?

Mama Wawili: Uhame kwa sababu unapendwa? Baba mkwe wangu alikuwa hivyohivyo, uso umekunjwa asubuhi mpaka jioni. Nikampikia uji wa ulezi kila siku. Mwaka wa pili ndiyo akaniita "mwanangu". Niliacha sufuria jikoni nikaenda kulia chooni. Heshimuni wazee jamani.

Mjukuu wa Reli: Umenikumbusha babu. Alikuwepo wanajenga ile reli, 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Yeye alikuwa kwenye mahandaki kule kati ya Mlimba na Makambako. Naye mkali kweli, ila akianza habari za reli hamlali.

Kobe: Mkuu, kuna kitu umekiruka. Neno "bila kutumwa" ndilo linalokuchoma. Nani alikutuma?

Mpangaji wa Temeke: Sawa, niseme. Binti yake yuko Mwanza. Alinipata kupitia mwenye nyumba, akawa ananitumia elfu hamsini kila mwezi nimwangalie baba yake. Mzee hajui. Lakini jueni kwamba miezi mitatu sasa nimemkatalia dada, nikamwambia asitume tena. Ninakwenda kwa sababu nampenda yule mzee. Sasa kumwambia kutasaidia nini zaidi ya kumuumiza? Naona ninyamaze tu.

Mama Wawili: Hee! Kumbe miezi mitano ulikuwa unalipwa!

Sina Haraka: Elfu hamsini na kahawa juu. Mwenye mzee mwingine anitafute.

Fundi Baiskeli: Hii chai. Mzee mkali, binti wa mbali, kijana mwema, tumeshazisoma sana hizi. Haya, mleta mada, bao la mzee lina kete ngapi?

Mpangaji wa Temeke: 62.

Fundi Baiskeli: Si nilisema! Bao ni mashimo 32, kete 64. Hujawahi hata kulishika.

Mpangaji wa Temeke: Komwe ziko 62, mkuu. Mbili zilipotea, mahali pake anaweka vifungo vya koti lake la kazi, vya shaba. Tunaanza na sita kwenye lile shimo la nyumba, mbilimbili mashimo mawili ya pembeni, ishirini na mbili mkononi. Kifungo kikidondoka mchezo unasimama mpaka kipatikane. Juzi tumekitafuta kwa tochi ya simu, yeye kapiga magoti kwenye mchanga na goti lake bovu.

Fundi Baiskeli: Naomba radhi, kijana wangu. Hilo la magoti limenigusa. Mwambie mwenyewe. Akija kulisikia kwa binti, hatakufungulia tena.

Kobe: Na huyo binti anakuja lini?

Mpangaji wa Temeke: Ijumaa.

Kobe: Hilo nalo ulikuwa unatuficha!

Mjukuu wa Reli: Kwa bibi yangu Bagamoyo mikomwe imejaa ufukweni. Nikuletee mbili?

Mpangaji wa Temeke: Asante ndugu yangu, lakini vile vifungo hatakubali viondoke.

Ameshatandika mkeka, namwona dirishani. Mkono unatetemeka. Natoka sasa hivi nikamwambie kabla hatujagawana kete.