Nani kawatuma Meta watuchagulie siasa za kuona?

Wakuu, salaam zitafuata baadaye, leo nina hasira.

Tarehe 9 Februari 2024 Meta, wenye Facebook na Instagram, walitangaza kwamba Instagram na Threads (mtandao wao mwingine, wa maandishi) hazitakupendekezea tena maudhui ya kisiasa ya watu usiowafuata. Wangeuliza kwanza nisingekuwa na neno. Kizuizi kilikuja kimeshawashwa, anayetaka kukizima akachimbe mwenyewe kwenye mipangilio. Unaowafuata waliendelea kuonekana, hilo nakubali. Lakini mtu wa Songea anayeandika vizuri kuhusu mbolea ya ruzuku, ambaye hujawahi kumsikia, utamjulia wapi?

Na hiyo "siasa" yenyewe wameitanua mpaka basi. Serikali, uchaguzi, sheria, halafu wakabandika na mambo ya kijamii yanayogusa watu wengi. Sasa kinabaki nini? Mapenzi na mpira? Kumbukeni hapa Bongo mwanzoni mwa 2024: sukari ya kutafuta kwa tochi, bei imepaa, na umeme wenyewe wa mgao. Mama ntilie akijirekodi anaeleza kwa nini kikombe cha chai kimepanda, hiyo ni siasa au ni chai? Anayeamua ni mashine, na mashine hainunui sukari.

Haya, 7 Januari 2025 Zuckerberg, bosi wa Meta, akageuka. Siasa zirudishwe! Mwanzo hoja ilikuwa watu wamezichoka, zinawapa msongo. Safari hii eti tumeingia zama mpya, watu wanazitaka tena. Hiyo ni wiki 2 kabla Trump hajaapishwa. Mtasema sadfa, haya, sadfa. Ila mara zote 2 tumeambiwa ni sisi tulioomba. Mimi sikumbuki kuomba kufungiwa wala kufunguliwa. Kuna aliyeomba humu? Ajitokeze.

Tena msiniletee ile ya "hutaki, futa programu". Nauza mitumba, wateja wangu wako humohumo.

Siku hizi kuna ngazi 3 za kuchagua: siasa kidogo, kawaida, au zaidi. Vizuri, ila usipogusa kitu unawekwa kwenye "kawaida", na hiyo kawaida wanaijua wao. Swali hilo lilitakiwa liwe mlangoni, siku mtu anafungua akaunti.

Hebu kila mmoja achungulie simu yake sasa hivi, aandike hapa chini amekuta ngazi ipi, na kama ni yeye aliyeiweka.